Mchango wa Marehemu

Fundi cherehani alikuwa akitia zipu kwenye sketi ya mteja, mume wake fundi huyo alipoingia kuulizia shati lake jeupe. Mumewe alikufa mwaka jana, alipotumbukia kwenye tangi la dawa katika kiwanda cha ngozi.

"Nilimpa kaka yako," alisema mkewe. "Unaenda wapi?"

"Ofisi ya chama. Eti nimewachangia."

Sheria mpya ilikataza makampuni kuvichangia vyama vya siasa. Watu binafsi waliruhusiwa, mradi kila mmoja afike mwenyewe kuweka dole gumba. Kwa hiyo mkurugenzi aligawa mchango wa kiwanda kwa majina ya wafanyakazi. Walio hai hawakutosha.

Mkewe alimvika koti la mteja, akafunga cherehani, wakaongozana. Majirani walimsalimu, wakamwambia amekonda. Kila alipokanyaga palibaki kidimbwi cha maji ya kijivu, na nzi walimfuata.

Mweka hazina wa chama alikuwa akitafuna karanga. Alitandika magazeti juu ya kiti, akamkaribisha marehemu, akamsogezea wino. Marehemu akabonyeza. Alipoinua mkono, ngozi ya kidole ilibaki kwenye karatasi. Mweka hazina aliipuliza mpaka ikakauka.

"Safi kabisa. Chama kinakushukuru."

"Mzee," alisema fundi cherehani, "kiwandani wanasema mume wangu alitoroka kazi. Mwaka mzima nawaomba wakiri alifia pale. Sasa umemwona kwa macho yako. Nisaidie kuwaambia amekufa."

"Mama, maiti haruhusiwi kuchangia. Unataka nivunje sheria?"

"Na hiyo ngozi je?"

"Hii ni alama ya kidole."

Fundi akamgeukia mumewe. "Baba watoto, si useme!"

Marehemu akafungua kinywa. Yakamwagika maji ya kijivu yenye manyoya ya ng'ombe. Mweka hazina akasogeza karanga zake pembeni, akaendelea kutafuna.

Kesho yake kiwanda kilituma mtu nyumbani: kwa kuwa mfanyakazi ameonekana yu mzima, arudi kazini mara moja. Mkewe alimsindikiza hadi getini, akamfunga vifungo vya koti, kisha akamuuliza msimamizi kama tangi limewekewa mfuniko.

"Wa nini, shemeji?" alisema msimamizi, akimpisha marehemu aingie. "Hakuna aliyewahi kutumbukia."