Nyumba Isiyo na Nondo

Jana usiku, kabla sijamaliza hata kuvuta shuka, nilijikuta kliniki ya wajawazito, nimekaa kwenye benchi. Pembeni yangu amekaa kipande cha udongo aliyevaa koti na tai. Ni udongo ule ule wa kula tunaouziwa sokoni, ambao nimeutafuna mimba yote hii nikimficha mume wangu, Zuberi.

"Mimi nina madini yote," akaniambia. "Chuma, kalsiamu, zinki. Muulize mtu yeyote."

"Nimuulize nani?"

"Mimi."

Nikaridhika. Ndivyo nilivyo, mtu akisema jambo kwa kujiamini, sina swali la pili. Nesi alishanipa vidonge vya madini ya chuma, akanionya kuwa damu yangu ni kidogo na siku ya kujifungua si siku ya mzaha. Lakini vinanuka kama msumari uliolowa, nikavificha ndani ya kiatu changu cha harusi.

Benchi likazama, nami nikatokea tumboni mwangu mwenyewe. Ni kiwanja cha ujenzi. Mwanangu, ambaye hajazaliwa, anasimamia kazi, helmeti kichwani, penseli sikioni.

"Shikamoo mama," anasema bila kugeuka. "Nondo ziko wapi?"

"Marahaba. Nondo za nini?"

"Za kunijengea. Tangu nianze kazi unaniletea udongo tu. Tunajenga mtu hapa au banda la kuku?"

Nikautazama ukuta. Ulikuwa mguu wake. Aliugusa kwa kidole, ukamomonyoka mpaka chini. Niliogopa, nikataka kulia, ila mle ndani kila mtu alikuwa kazini, nikaona haya.

"Juzi nilimeza kidonge kimoja," nikajitetea.

"Kwa kinywaji gani?"

"Kwa chai ya rangi."

Akanyoosha kidole kuelekea getini. Kikombe cha chai, amevaa sare ya mlinzi, amekalia rundo la nondo anajipepea.

"Nondo zikija pamoja nami, nazizuia," akasema kwa adabu. "Kazi ni kazi, mama."

Mara yule udongo akaja mbio, tai imerukia begani. "Msimsikilize huyu mtoto! Hana hata cheti cha kuzaliwa!"

Mwanangu akamkamata, akambonyeza dole gumba kifuani, akanikabidhi mkononi. "Huyu mrudishe sokoni. Nondo zisipofika asubuhi, mimi naacha kazi."

Nikaamka. Ngumi yangu imefumbata kipande cha udongo, ilhali jana jioni nilikuwa nimetafuna cha mwisho nikalamba na karatasi. Katikati yake kuna alama ya dole gumba, ndogo kama punje ya ulezi.

Nikakimbilia kiatu bila kutafuta kandambili, nikameza kidonge kwa maji.

"Mke wangu, chai inapoa!" Zuberi akaita kutoka jikoni.

"Iache ipoe. Nondo zinapita."

Tumboni, mtu akaanza kugonga nyundo.