Ukoko wa Luqman

Mbuzi alikuwa ameshafungwa kwenye mkorosho, na kisu nilikuwa nacho mimi.

Nilimwambia mke wangu, Mwanapili, tungoje kwanza barua itoke. Aliendelea kuchagua mchele.

"Barua ni ya wakubwa, Mbwana. Nadhiri ni ya Mungu. Nani aliyenirejeshea mwanangu?"

Mimi nimesoma hadi darasa la tatu, na mbele ya Mwanapili hata hayo matatu yaliyeyuka. Nikapitisha kisu kwenye jiwe.

Mwanetu Luqman alikuwa dereva wa tuktuk Diani. Siku moja akavuka mpaka, akaenda Somalia kwa wale wanaoua watu kwa jina la dini. Wiki hiyohiyo Mwanapili alinunua mwanambuzi, akaweka nadhiri: kijana akirudi, tutamchinja tuwalishe majirani wote hapa Bodo. Miaka miwili alimlisha majani kwa mkono, akimwimbia kama anayebembeleza mtoto.

Wakati huo wakubwa wa serikali walikuwa wakipigana na watu hao kwa buti. Milango ilivunjwa alfajiri, wazee tukakalishwa mchangani mikono kichwani. Walipoona buti zinamzalia adui vijana wapya, wakabadili mbinu. Wakaitisha baraza Msambweni: waleteni watoto, watasamehewa.

Luqman akarudi, amekonda, kifuu kikianguka anaruka. Tulimpeleka wenyewe kwa afisa wa mambo hayo, Bwana Muthoka, mtu wa bara, mcheshi. Akaandika jina. Akasema barua ya msamaha itatoka juu karibuni, kisha kijana atahamishwa mbali. Hadi hapo akae ndani, asijulikane yupo, maana wale aliowakimbia wana macho hata huku kwetu. Askari hakutupa hata mmoja. Ngao yetu yote ilikuwa siri.

Wiki tatu tulingoja. Barua haikuja. Mbuzi akazidi kunona.

Nikachinja.

Naikumbuka siku ile kuliko siku ya harusi yangu. Ua ulijaa wanawake, tui la nazi linachemka, na Mwanapili katikati, kanga kaifunga kiunoni, anawatania mawifi zake kwamba mikono yao hufahamu njia ya mdomoni tu, ya jikoni imewapotea. Luqman alicheka. Alikaa sinia moja na wenzake, na kwa mara ya kwanza tangu arudi hakuutazama mlango.

Bwana Muthoka naye akapita. Nilipomwona nilijua atatukemea, na moyoni nilitaka atukemee. Akanawa, akala, akashiba.

"Mama," akasema, "hii ukoko ni yangu leo."

Ukoko ule Mwanapili alikuwa ameufunika chini ya kawa. Tangu utotoni ulikuwa wa Luqman, hakuna aliyethubutu kuugusa. Akamtazama mwanawe.

"Mpe mgeni, mama," akasema Luqman. "Mimi nipo."

Siku ya tano tangu karamu, baada ya swala ya alasiri, walikuja wawili kwa pikipiki. Walimwulizia Luqman kwa jina. Alikuwa uani anakuna nazi, akaitika mwenyewe.

Barua ilifika tulipokwisha soma arobaini yake, ina muhuri mzuri. Mwanapili aliikunja akaitia ndani ya mto wake, akailalia kila usiku. Mwaka haukuisha naye akaenda. Hospitali walisema presha.

Siku hizi nasikia kuna mpango mwingine, na fulana zake na kofia zake. Hunialika nikaseme neno juu ya amani. Siendi. Walijua hatari, wakala wali wetu wakanyamaza, na hilo nitawashtakia kwa Mola. Habari ya kisu, kwamba nilikuwa nacho mimi, sijamwambia mtu.

Najipikia mwenyewe. Wali ukikauka, nauacha motoni kidogo hadi ukoko ushike. Naubandua mzima, naufunika kwa kawa. Kisha nanawa, nakula wali uliobaki.