Dhiki ya Mama Mkwe

"Tutanyakuliwa kabla ya dhiki kuu, fundi. Wewe na kanisa lako mtabaki mkisaga meno," alisema Mama Parapanda, akiwa ameujaza mlango wa chumba chake.

"Nani kakudanganya, shoga? Dhiki kwanza, ndipo Bwana aje," alijibu fundi cherehani wa chumba cha pili. Ubishi huu aliupenda kama chai ya asubuhi; bila huo siku haikuanza.

Leo, hata hivyo, harufu ya mkojo ilizidi. Akachungulia juu ya bega la jirani. Mama mkwe wa Mama Parapanda alikuwa kalalia shuka lililolowa, nzi wanamtambaa mdomoni, uji wa jana umekauka kando yake.

"Hujamwogesha?"

"Nimwogeshe ya nini, na Bwana yu mlangoni? Muda si mrefu atavaa mwili mpya."

Fundi alijichukia mwenyewe: wiki nzima alisimama hapohapo akishindana kwa aya, harufu ile akidhani ni ya mtaro.

"Wanangu," kikongwe alisema taratibu, "hiyo dhiki mnayobishania, mimi nimo."

Fundi akampiga jirani kikumbo, akaingia. Akamwosha mama yule, akamvika gauni lake mwenyewe, akamtembeza taratibu hadi chumba cha pili, maharage yakitokota jikoni.

Mama Parapanda aliwafuata hadi kizingitini. "Na mimi je?"

"Wewe subiri unyakuo," fundi alisema, akachukua sahani mbili. "Karibu, mama. Keti tule."