Mavuno ya Delmar Haugrud

Katika wilaya ile iliyopakana na Kanada, hakuna aliyepata kumfungia Arlys Tveit mlango usoni. Kila pikapu aliyopishana nayo barabarani, dereva alimwinulia kidole kimoja juu ya usukani, kama salamu ya huko inavyotaka. Katika kampeni zake mbili za kwanza za kuwania kiti cha bunge la jimbo, Arlys aliuchukulia ukarimu huo kuwa ahadi. Alirudi nyumbani kila jioni tumbo limejaa kahawa na keki za malenge, na mara zote mbili Delmar Haugrud alimshinda bila kutoka jasho. Kampeni ya tatu ilimkuta ana akili zaidi na subira imempungua. Sasa aliuliza mlangoni swali moja tu, nalo halikuwa la adabu: kura yako ni yangu, au si yangu? Watu waliviangalia viatu vyake, wakasema watalifikiria.

Sababu ya haraka hiyo ilikuwa Orrin, mumewe, aliyeishi katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Sorvik. Siku nyingi Orrin hakukumbuka kwamba aliwahi kuoa. Hata hivyo alimtambua Arlys, kwa kuwa alifika kila siku wakati wa chakula cha mchana, amevaa koti lilelile la kijani. Delmar, mwenyekiti wa kamati ya fedha za afya, alikuwa amekwisha kuandaa muswada wa kuzinyima ruzuku nyumba ndogo za namna hiyo. Nyumba ya Sorvik ikifungwa, Orrin angehamishiwa mji mkubwa, mwendo wa nusu siku kwa gari, kupitia barabara ambayo theluji huifunga hata wiki nzima. Na wiki nzima ilitosha kabisa kwa Orrin kumsahau mtu.

Mwishoni mwa Oktoba mambo yalianza kuleta matumaini, jambo ambalo lingepaswa kumtia wasiwasi. Gazeti la wilaya liliandika kwamba wagombea wanakaribiana. Kermit, mdogo wake Orrin na msimamizi wa kampeni, alipanga kwamba Jumamosi ya mwisho kabla ya uchaguzi wapite nyumba za upande wa kiwanda cha sukari, ambako watu hawakuwa na desturi ya kupiga kura, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na desturi ya kuwaomba. Katikati ya wiki hiyo Delmar alianguka kwa kiharusi kando ya ghala lake la nafaka. Mahindi yake yote yalikuwa bado shambani.

"Jumamosi wanamvunia," Kermit alisema, amesimama mlangoni mwa jiko na kofia mkononi.

Hakuhitaji kueleza. Mkulima akiugua wakati wa mavuno, majirani huja na mashine zao, humaliza shamba lake kwa siku moja, na hakuna anayedai hata mafuta. Orrin alipoanza kupotewa na akili, walimvunia yeye. Aliyetangulia kuingia shambani siku hiyo alikuwa Delmar.

"Usiende, shemeji. Sema mashine imeharibika."

"Umeitengeneza juzi, Kermit. Na ukajisifu kanisani."

"Basi niipeleke mimi, wewe upite huko kiwandani."

"Ili waseme nilikuwa naomba kura wakati mwenzangu yuko hospitali na mahindi yake yanavunwa?"

"Ukienda, utakuwa unampigia kampeni yeye."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa jaza mafuta," Arlys alisema.

Jumamosi walikuja karibu wote wenye mashine za kuvunia, na malori yakapanga foleni hadi barabara kuu. Arlys alivuna kipande cha kaskazini. Kila alipogeuza mashine mwisho wa shamba, aliyaona mabati ya kiwanda cha sukari kwa mbali, moshi wake ukipanda wima. Nyumba alizopaswa kuzipita zilikuwa chini ya moshi huo.

Mchana walikula katika banda la mashine: nyama ya kusaga iliyookwa na viazi, mikate ya nyama ya nguruwe, kahawa nyepesi. Gaylen Moe, jirani yake wa upande wa mashariki, alimsogelea na sahani.

"Arlys, mistari yako imenyooka kuliko hotuba zako."

"Hotuba zangu hujazisikia. Ulikuwa unasinzia."

"Nilisikia ya mwisho." Gaylen alishusha sauti. "Mwaka huu nilikuwa nimeamua kukupa kura. Nilimwambia hata mke wangu."

"Ulikuwa?"

"Sasa mtu yuko kitandani, mdomo umekwenda upande. Unamnyang'anyaje kazi? Itammaliza."

"Hawezi kuongea, Gaylen. Kazi yenyewe ni kuongea."

"Atapona. Mpe muda."

"Orrin hana muda."

Gaylen aliitazama sahani yake. "Orrin tunampenda sote," alisema. "Ongeza viazi."

Hapo Arlys alifanya jambo ambalo hakuna Mlutheri wa wilaya ile aliyewahi kulifanya mbele ya watu wanaokula. Alipanda ngazi ya mashine iliyokuwa karibu, akawaomba.

"Mkimchagua Delmar kwa kumhurumia, kiti chake kitakaa kitupu, muswada wake utapita hivyo hivyo, na Sorvik itafungwa. Mume wangu atakufa hanijui. Nawaomba kura zenu. Sijui namna nyingine ya kuomba."

Hakuna aliyemzomea. Kuzomewa kungekuwa dalili ya kubishiwa. Watu waliinamisha vichwa, na kijiko cha mtu kikaendelea kukwangua bakuli. Kisha Vonda Haugrud, mke wa Delmar, alikuja akamshika mkono na kumteremsha taratibu, kama mtu anavyomteremsha mgonjwa.

"Umechoka, dada," alisema. "Umefanya kazi ya wanaume wawili. Kaa ule."

Alikaa, akala. Kabla jua halijazama mahindi yote yalikuwa ghalani.

Jumanne Delmar alishinda kwa kura nyingi kuliko zote alizopata maishani mwake, pamoja na zile za miaka aliyokuwa na afya. Upande wa kiwandani hawakupiga kura. Bunge lilipokutana Januari hakuweza kwenda kuapishwa. Kiti chake kiliwekewa shada la maua na wenzake, na muswada wake ukapitishwa kwa heshima yake.

Sorvik ilifungwa theluji ilipoanza kuyeyuka. Asubuhi ya kumhamisha Orrin, Arlys alikuta pikapu zimejaa uani mwa nyumba ya wazee. Wote walikuja. Gaylen alibeba kitanda, Vonda alikunja mablanketi, na mtu alikuwa ameweka kwenye kiti cha nyuma cha gari la Arlys bakuli la nyama na viazi, bado la moto, limefungwa kwa taulo.

"Ukihitaji chochote, usisite kusema," Gaylen alimwambia dirishani.

"Nilisema," Arlys alijibu.

Gaylen aliitikia kwa kichwa, kwa upole, na kurudi nyuma kupisha gari.

Orrin, kando yake, aliwatazama watu waliojipanga kwenye lango. "Hawa akina nani?"

"Majirani."

"Watu wazuri," alisema Orrin, na kwa kila pikapu waliyoipita akainua kidole kimoja juu ya goti lake, mahali usukani ulipokuwa zamani.