Maji ya Kuongeza

Mkwe wangu ni mtu wa maneno machache, na mimi mtu wa maneno machache simwamini. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Alipompeleka binti yangu mji mwingine kupasuliwa goti, aliniachia nyumba, tangi lake la samaki na kikaratasi chenye mstari mmoja: "Maji yakishuka chini ya alama, ongeza." Basi. Kando ya tangi kulikuwa na madumu mawili, moja limeandikwa "chumvi", jingine halina neno.

Nikaongeza la chumvi. Si samaki wa bahari hao? Kuuliza si ujinga, najua, lakini nimuulize yeye, ambaye miaka sita nimekuwa nikimwambia binti yangu kwamba hajui hata kuchemsha yai? Hilo lilinishinda.

Na mambo ya lile tangi sikuyaelewa tangu siku ya kwanza. Kuna samaki wawili wa rangi ya chungwa, wana mistari myeupe, kila mmoja kama kidole gumba. Juu ya jiwe kuna kitu chenye vidole laini vinavyopepea. Mimi nilidhani ni ua. Binti yangu akaniambia kwa simu kwamba ni mnyama, anaitwa anemoni, na vile vidole vina sumu; samaki mwingine akivigusa analiwa. Wale wawili wanalala humo humo. Nikauliza mbona wao hawaliwi. Akasema wana ute mwilini. Kambale naye si ana ute, na tunamla? Akacheka tu, jibu sikupata.

Siku ya tano anemoni akanywea kama soksi iliyovuliwa. Siku ya sita akahama mwenyewe, bila miguu, akajibanza kwenye kona akiwa ameachama. Samaki wakawa wanahema haraka haraka na chakula hawakitaki. Nikazima redio, labda ni kelele. Nikafunga pazia. Nikamshuku jirani aliyechungulia juzi akasema "wazuri hao". Mwisho nikaona labda wameikumbuka bahari, nikawazidishia maji ya chumvi hata kabla hayajafika kwenye alama.

Siku ya nane, maji yamezidi unga, nikamwita muuza samaki wa mapambo. Alichovya kipimo chake, akakitazama mara mbili.

"Mama, umekuwa ukiongeza maji gani?"

"Ya chumvi."

"Mchuzi ukikauka jikoni, chumvi yake inaenda wapi?"

Nimepika shuleni miaka thelathini na moja, kwenye masufuria ya kuingia mtu mzima. Nimewafokea wapishi wangapi kwa kosa hilo hilo? Maji huondoka na mvuke, chumvi hubaki. Nilisimama pale sijui uso wangu niupeleke wapi.

Akachota maji kidogo, akatia ya lile dumu lisilo na neno, yasiyo na chumvi, akaniagiza niendelee hivyo kidogo kidogo kwa siku tatu. Samaki huenda wakapona. Kuhusu anemoni hakuahidi kitu. "Akianza kunuka, mtoe upesi, la sivyo atawaua wote."

Hata hajafika getini, mkwe akapiga simu.

"Shikamoo, Mama. Mgonjwa leo ametembea hadi dirishani. Na wale hawajambo?"

Kila siku nilikuwa nikimjibu "wazima". Na leo uongo ulikuwa tayari mdomoni: umeme ulikatika. Angeamini. Nilijiona mdogo sana.

"Mwanangu, nimekosea. Nilikuwa naongeza ya chumvi. Anemoni wako sijui kama atapona."

"Mwanangu" sikuwahi kumwita. Nami nikiona aibu huwa nakasirika.

"Lakini na wewe, ungeandika ni dumu lipi."

"Niliandika, Mama. Halafu nikakichana kile kikaratasi, nikaandika kingine."

"Kwa nini?"

"Nilijiona namfundisha mpishi habari za chumvi. Nikaona nitakukosea adabu."

Miaka sita nimedhani ule ukimya wake ni dharau. Nikainama juu ya tangi, nikanusa, nikanusa tena.

"Bado hajanuka, mwanangu," nikamwambia.