Boksi Lililopigwa Msasa Mno

Nilimwomba baba yangu anitengenezee boksi la kulelea vifaranga. Boksi tu: mbao pembeni, plaiwudi chini, tundu la kupitishia waya wa taa. Seremala mwingine angelimaliza kabla ya chakula cha mchana. Baba alikaa nalo wiki nzima kwenye kiti chake cha sebuleni, analipiga msasa kwa mkono wake mzima, kisha akalipaka vanishi. Akarudia. Nilipomwambia basi, Baba, ni la kuku hilo, akarudia tena.

Nilimeza hasira zangu, maana ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu kiharusi kimwangushe. Mama alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo nilimchukua mzee nikamleta kwangu, kwenye nyumba ninayokaa na kushonea watu nguo. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umelegea. Daktari wa mazoezi ya viungo hakumung'unya maneno: mzee atembee kila siku, hata kama ni kutoka kitini hadi mlangoni, la sivyo hatasimama tena maisha yake yote. Basi ikawa ndiyo wimbo wangu asubuhi na jioni. Baba, simama. Baba, jaribu kidogo. Anaitikia kwa upole, "Nitajaribu, mama," halafu anabaki pale pale. Nikawa natwanga maji kwenye kinu, na kinu chenyewe kinanitabasamia.

Vifaranga wakatotolewa. Nikawatoa kwenye mashine ya kutotolea mayai wakiwa wamekauka, wazima, kelele tele, nikaliweka boksi kando ya kiti cha Baba ili naye awe na cha kutazama, nikarudi kwenye cherehani. Jioni nikachungulia. Kadhaa walikuwa wamelala kifudifudi, mguu mmoja mashariki, mwingine magharibi, wanapiga vibawa na hawaendi popote. Nilijua ni ugonjwa, nikampigia simu bwana mifugo. Hakuniuliza habari za chanjo wala chakula. Aliuliza sakafu ya boksi ikoje.

Nikapitisha kidole. Ilikuwa inateleza kuliko sahani iliyotoka kuoshwa.

Bwana mifugo akanielekeza. Nikakata plasta ya kidonda vipande vyembamba, nikamfunga kila mgonjwa mguu huu na huu, katikati nikaacha nafasi ya kusimama sawasawa, isiwabane wala isiwaachie. Watu husema mshonaji ana mikono myepesi. Ni kweli, ila sindano haipigi mateke. Kisha nikatandika gunia juu ya vanishi ya Baba, ili kucha zipate pa kushika. Mifupa bado laini, alisema bwana mifugo, wakisimama mapema watanyooka. Wakichelewa, ndiyo basi.

Asubuhi nikakuta gunia limekunjwa vizuri, limewekwa pembeni. Vifaranga wangu na pingu zao wanateleza upya. Baba akaeleza, bila haya hata kidogo, kwamba gunia linaficha kazi, na wateja wanaokuja kupimwa nguo wangedhani boksi lilipigwa misumari na mlevi. Nikalitandika tena. Mchana nikakuta ameliondoa tena, safari hii ameweka kipande cha satini alichookota kwenye kapu la mabaki ya ushonaji wangu, karibu na kiti chake. Satini! Alisema angalau hiyo inaendana na boksi.

Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni wakati huo, kitambaa mkononi, kopo la nta kando yangu, maana sebule yangu naing'arisha mwenyewe kila wiki na wateja huisifu. Nilisimama na kitambaa changu. Siku hiyo heshima ilinitoka.

"Baba, kiumbe hawezi kujifunza kusimama mahali panapoteleza. Unamwekea sakafu ya kujitazamia uso, halafu unashangaa hatembei?"

Baba hakutazama boksi. Alitazama chini, mbele ya miguu yake, akaifuata sakafu kwa macho taratibu mpaka mlangoni. Nami nikaifuata. Inang'aa yote. Niliona kivuli changu humo, na kitambaa kikining'inia mkononi. Waliosema nyani haoni kundule walikuwa wananisema mimi.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Nilimuuliza kwa ukali, kwa sababu nilikuwa naona aibu.

"Nilijaribu," alisema. "Siku uliyokwenda kununua uzi. Nikaanguka. Nikajikokota hadi kitini kabla hujarudi."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini, mama? Nyumba ni yako. Umenipokea. Mgeni haendi kwa watu akakosoa sakafu."

Mgeni. Mtu aliyenibeba mgongoni, aliyenifundisha kushika mkasi, siku zote hizo anakaa kwangu kama mgeni, na mimi namwita mkaidi. Iliniuma, na bado nilitaka kumgombeza. Niliingia stoo nikatoa kila gunia lililokuwemo. La kwanza nikalirudisha ndani ya boksi na kumkazia macho, naye akaitoa satini yake mwenyewe. Mengine nikayatandika kutoka kitini kwake hadi mlangoni, juu ya nta yangu yote, nikayabana kingo kwa meza na viti yasiteleze.

Akavua makubazi. Akashika fimbo, mkono mwingine akauweka begani kwangu, akainuka huku anapumua kwa nguvu. Aliniambia nisimsukume. Nikamwambia hakuna anayemsukuma. Mguu wa kushoto ulijikokota kidogo, ukashika gunia, ukatulia. Akasogea tena. Katikati ya chumba aliondoa mkono begani kwangu, nami nikabaki nimenyoosha mikono hewani, siko mbali naye, simshiki.

Alifika mlangoni jasho linamtoka. Akaegemea fremu, akapitisha kidole kwenye ukingo wa mlango, akakunja uso.

"Nani alikutengenezea mlango huu? Unakwaruza chini. Na magunia yako umeyatandika upande, kama mtu aliyefunga macho. Niletee randa."

Nikamwambia arudi kwanza kitini. Akasema nisimpangie mambo nyumbani kwake. Nikaenda kutafuta randa, machozi yananitoka.