Simu ya Kuniulizia

Kila nikiisimulia habari hii hasira hunipanda upya, basi mnistahamilie.

Mimi ni rubani. Nimesomea Afrika Kusini, nikarudi kwetu Ibra, Omani, na saa mia mbili na kitu za kuruka, nikidhani dunia inaningoja. Inaningoja nani! Kila kampuni niliyoiendea ilinijibu vilevile: saa zako chache, kazitafute kwanza. Nikazitafute wapi, sokoni Sinaw, wanakouza mbuzi? Saa huzipati mpaka upewe ndege, na ndege hupewi mpaka uwe na saa. Nilihangaika Maskati, nikahangaika Salala, mwisho nikarudi nyumbani kwa Bibi. Na leseni nayo haikai kabatini kama kanga za harusi. Rubani asiyeruka huipoteza, na yangu ilikuwa imebakiwa na miezi michache tu.

Bibi yangu Mabruka ndiye aliyenilea. Kazaliwa Unguja, Malindi, na mpaka leo Kiarabu anakizungumza kwa kulazimishwa. Na nimpe haki yake: ukoo mzima ulipokuja juu, ati msichana gani huyo wa kwenda kurusha ndege, aolewe atulie, yeye ndiye aliyesimama. Aliwaacha wakasema wee, kisha akawauliza, "Mmemaliza? Haya, mtoto anakwenda." Nikaenda.

Tangu niliporudi, kazi yake ikawa kufukuza posa. Mtu akija kuniulizia, Bibi anamwambia keshaposwa. Ikafika hadi watu wa Ibra wakaanza kunong'ona, kaposwa na nani huyo asiyeonekana? Bibi hana habari nao. "Wewe tafuta ndege yako," ananiambia. "Wanaume niachie mie."

Basi nikasikia kwamba Nizwa yuko mzee mwenye ndege ndogo za kunyunyizia dawa mitende. Anaitwa Mkadam, wazee wake watu wa Pemba, na Kiswahili chake kimenyooka. Nikaendesha gari mpaka kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Panda tukaone."

Tukaruka, mimi kushoto na yeye kulia, mashamba ya mitende yako chini yetu na majabali ubavuni. Akanitaka nitue pale kwenye kiwanja chake cha changarawe, na upepo unatupiga kwa ubavu. Nikatua. Sijisifu, lakini nilitua vizuri, na yeye mwenyewe alisema.

"Mikono unayo. Msimu huu utanihamishia ndege kiwanja hadi kiwanja, msimu ujao nikufundishe kunyunyizia. Ninaye rubani mmoja tu na macho yake yamechoka. Lakini mie simchukui mtu nisiyejua kwao. Niachie namba ya nyumbani."

Nikampa ya Bibi. Nani mwingine angenisemea vizuri kumshinda Bibi? Yeye sikumwambia kitu. Nilikwishamchosha na habari za kazi zisizotokea, nikasema hii nitamwambia ikishakuwa yangu kweli.

Ikapita wiki, kimya. Nampigia Bwana Mkadam, hapokei. Kisha nikapigiwa simu na ofisi ya madaktari wanaopima marubani: cheti changu cha afya kimesimamishwa, nisiruke mpaka nichunguzwe. Nichunguzwe nini? Hawataki kusema kwenye simu. Nikatia gari moto mpaka Nizwa.

Bwana Mkadam alinipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kukwambia nini, mzee wangu?"

"Kifafa."

Nikacheka. Wallahi nilicheka, nikidhani kaniita jina la mtu mwingine.

"Bibi yako kaniambia kwa kinywa chake," akasema. "Unaanguka tangu mdogo. Mwanangu, ndege imebeba sumu, chini wako watu na watoto wao. Nimewaandikia madaktari. Ningenyamaza, dhambi ingekuwa yangu."

Sijui njia ile niliiendeshaje. Nilimkuta Bibi barazani anachambua mchele, na uso wake una furaha yake yote.

"Bibi, kuna mtu kakupigia simu kuniulizia?"

"Yuko! Kibabu cha Nizwa, hana hata haya!" Akaiweka sinia chini apate kusimulia vizuri. "Kaanza na masalkheri za kunimaliza pumzi. Mara nyinyi wa wapi Unguja, mara babu yake nani, mara mtoto anasali? Kisha ati, namtaka binti yenu, nitampa pa kukaa, nitamwangalia kama wangu. Ninaye mmoja, anasema, lakini huyo keshachakaa, nahitaji wa pili aliye kijana. Wa pili! Yarabi, anamsema mkewe kama gari bovu!"

"Ukamjibu nini?"

"Nikaona nikisema keshaposwa ataniuliza na nani, kama hawa wengine. Nikasema leo natoa neno la kulimaliza. Nikamwambia, bwana we, huyu mtoto ana kifafa, anaanguka. Akasema Mungu amponye, akakata." Akacheka mpaka machozi. "Wewe ruka zako, mjukuu wangu. Hakugusi mtu."

Nikamwambia. Nilimwambia kwa ukali, sikumpunguzia hata neno. Nikamwambia yule hakutaka mke, alitaka rubani, na wa pili ni mimi, na anayechakaa ni rubani wake. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Bibi alipokwisha kuelewa, uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu mzee sana, na mikono ikawa inatafuta mtandio na mtandio uko kichwani.

"Nipeleke kwake," akasema.

Kwanza nilipita kwa madaktari, nao wakanieleza kwamba vipimo vyao vinaweza kukionyesha kifafa, lakini haviwezi kuapa kwamba hakipo. Watanizuia kuruka mwaka mzima waniangalie, isipokuwa Bwana Mkadam awaandikie tena kwamba alipewa habari za uongo. Mwaka mzima, na leseni imebakiwa na miezi. Yeye tu ndiye aliyekuwa na kalamu ya kuniokoa.

Safari hii alitukaribisha ndani, kwa heshima ya Bibi. Ililetwa kahawa na halua, Bibi hakugusa. Akamweleza yote, posa, na kibabu, na wa pili. Akamtaka radhi. Bibi yangu, ambaye sijapata kumsikia akimtaka radhi mtu, akaapa mbele yake kwamba sijaanguka hata siku moja tangu nizaliwe.

Bwana Mkadam alimsikiliza mpaka mwisho. Hata tabasamu lilimtoka kidogo pale penye gari bovu. Kisha likaondoka.

"Bi Mabruka," akasema taratibu, "siku ile ulikuwa hujui mimi nani wala namtakia nini. Leo unajua, na unajua mtoto anakosa nini. Sasa niambie wewe mwenyewe, niyaamini maneno ya siku gani?"

Mwanamke aliyeunyamazisha ukoo mzima, akainuka kutafuta viatu vyake. Mimi nikamtazama yule mzee nikitaka kumchukia na nikashindwa, maana ndege ingekuwa yangu, hata mimi nisingempa mtu aliyesemwa ana kifafa.

Tukaaga. Nilimshika Bibi mkono kumteremsha ngazi, nikamfungulia mlango wa gari, nikamfunga mkanda.

"Wiam," akasema, "nimekuua."

Nikawasha gari. Sikumjibu, kwa sababu jibu lililokuwa mdomoni lilikuwa ndiyo.